Siku ya Mtoni Inapimwa kwa Nini?



Kila tunaporudi kutoka mtoni, mtu wa kwanza tunayekutana naye njiani anatuuliza neno moja: "Mumepata ngapi?" Macho yake yako kwenye kitunga. Kitunga kikiwa kizito anatupongeza, na kikiwa chepesi anatupa pole. Kwa miaka mingi na sisi tulihesabu hivyo hivyo. Siku ya samaki wengi ilikuwa siku njema, siku ya samaki kidogo ilikuwa siku ya bure.

Leo tunataka kuwaeleza kwa nini tumeacha hesabu hiyo. Sisi ni kikundi cha wamama 14. Kalamu imeshikwa na mwalimu, lakini maneno yametoka kwetu wote, na yamepita kwenye mkutano kabla ya kuwafikia ninyi.

Maji yanashuka, na sisi tunashuka

Wengi wenu mnaijua barabara yetu. Unatoka Sake, unapanda Masisi kwenye milima ya nyasi na ng'ombe, mahali inapotengenezwa jibini inayouzwa Goma. Kutoka Masisi-centre unaendelea Nyabiondo, halafu Kashebere, halafu Kibua. Huko milima inaanza kuinama, baridi inapungua, na msitu unakaribia barabara. Mashamba ya viazi na maharage yanakuwa machache, mihogo na michikichi inaongezeka. Mvua ikiharibu njia, gari linalala kwenye tope siku nyingi. Kwa hiyo wengi wetu tunasafiri kwa pikipiki, na pale pikipiki inaposhindwa tunashuka, tunatembea, mtoto mgongoni na mzigo kichwani.

Teritwari ya Masisi ina karibu kilomita za mraba 4,700. Walikale inapita 23,000. Ungeweza kuiweka Masisi ndani ya Walikale mara nne, na nafasi ikabaki. Lakini maji hayajui mpaka. Mto Osso, ambao jina lake limepewa sekta ya Osso-Banyungu, unashuka kutoka milima ya Masisi kuelekea magharibi mpaka kuingia Lowa. Lowa inapita Walikale-centre, inakwenda kukutana na Lualaba, na Lualaba ndiyo inayokuwa mto Kongo. Mama anayefua nguo kule juu na mama anayevua huku chini wanatumia maji ya njia moja.

Na sisi tuko hivyo hivyo. Kati yetu kuna waliozaliwa hapa, wakajua kuvua kabla ya kujua kusoma. Wengine walishuka na watoto wao wakikimbia vita milimani. Wachache waliotoka Bashali walikuwa wameona wanaume wakivua tilapia na kambale kwa mitumbwi katika maziwa ya Mokoto. Wengine walimjua samaki sokoni tu, akiwa amekauka. Waliondoka mahali ambapo mtoto akilia unampa kikombe cha maziwa ya ng'ombe, wakafika mahali pasipo na ng'ombe. Hapa bugali ni wa muhogo, mboga ni sombe, na kama unataka kumwekea mtoto kitu kingine kwenye sahani, unakwenda kukitafuta msituni au majini.

Mwalimu wetu wa kuvua ni koko mmoja wa kikundi, Mnyanga wa hapa hapa. Jioni anatusimulia habari za Mwindo, ambazo alizisikia kwa wazee wake. Baba yake Mwindo, jina lake Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume. Mwindo alipozaliwa, baba akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ile ngoma ikasafiri ndani ya maji mpaka kwa shangazi yake mtoto, Iyangura. Hadithi hiyo iko kitabuni pia. Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene waliitoa kwa Kiingereza mwaka 1969. Koko hajakiona kitabu hicho na wala hakihitaji. Kila akifika mahali pale ananyamaza kidogo, halafu anasema: "Mnasikia? Mtoto alikataliwa nyumbani, mto ukampeleka kwa mwanamke."

Tulimsikiliza mara nyingi bila kufikiri kwamba neno hilo lingetuhusu.

Jinsi tunavyovua

Kwa dada zetu wa milimani ambao hawajaona kazi hii, tueleze. Mto mkubwa kama Lowa si mahali petu. Kule ni mitumbwi, nyavu na ndoano, na wanaofanya kazi ni wanaume zaidi. Sisi tunafanya kazi kwenye vijito vinavyoingia mtoni, vile ambavyo maji yanafika magotini au kiunoni. Tunakwenda miezi mvua inapopungua, hasa kati ya Juni na Agosti, na mwalimu anapata nafasi kwa sababu ya likizo kubwa.

Tunachagua sehemu yenye shimo na mawe, mahali samaki wanapopenda kujificha. Juu yake tunafunga maji kwa miti, majani mapana na udongo, tukiyafungulia njia ndogo ya kupita pembeni. Chini yake tunafunga tena, ili samaki wasitoroke. Halafu tunasimama kwa mstari na kutoa maji yaliyobaki kati ya kuta mbili, kwa beseni, sufuria na vitunga, mpaka tope linaonekana. Hapo ndipo mkono unapoingia chini ya jiwe na kwenye mashimo ya ukingo. Unatafuta kambale, samaki wadogo wa aina nyingi, kaa, na kamba. Mkono ule unahitaji moyo, kwa sababu katika shimo unaweza kukuta nyoka, au yule samaki anayetetemesha mkono mpaka begani. Koko anatwambia tuguse polepole, na kwanza tuchokoze kwa kijiti.

Kazi ikiisha, tunabomoa kuta zote mbili, maji yarudi njia yake. Hatuweki sumu, iwe ya majani au ile dawa ya kuua wadudu wa shambani, kwa sababu sumu inaua mpaka vitoto vya samaki, na chini yetu kuna watu wanaokunywa maji hayo. Hatuvui kwa chandarua pia. Chandarua kina dawa ya mbu, na matundu yake hayaachi hata samaki wa ukubwa wa ukucha. Kazi yake ni kumfunika mtoto usiku.

Siku tuliyoiandika "njema sana"

Mwalimu ndiye anayeshika daftari la kikundi. Humo anaandika tarehe, jina la kijito, watu waliokwenda, na kilo tulizopata. Katika likizo moja kuna ukurasa ambao chini yake aliandika kwa kalamu nyekundu, kama anavyoandikia mwanafunzi: "Siku njema sana."

Siku ile kijito kilitupa mabeseni mawili yaliyojaa. Mama mmoja, mdogo kuliko wote katika kikundi, alishika kambale mrefu kama mkono wake, tukapiga vigelegele mpaka ndege wakaruka. Kabla hatujafika nyumbani, mama muuzaji alikuwa ametungoja njiani na mzani wake. Yeye anapeleka samaki machimboni. Walikale yote inajua kwamba mahali panapochimbwa kasiterite, kama kule Bisie, chakula kinapata bei nzuri. Alinunua vyote, mpaka vile vidogo, na akalipa hapo hapo. Tuligawana pesa mbele ya wote, bila ugomvi. Wengine walinunua sabuni na chumvi, wengine walilipa deni la AVEC, mwingine alinunua jembe. Hakuna aliyepoteza pesa yake ovyo.

Jioni ile, katika nyumba 14 za wavuvi, samaki aliingia nyumba 2 tu. Tulikuja kuhesabu baadaye. Nyumba nyingine zilikula bugali na sombe, kama jana yake.

Juma lililofuata mama RECO alipita kijijini na mkanda wa kupima mkono. Mnaujua mkanda ule. Unazungushwa kwenye mkono wa juu wa mtoto mwenye miezi 6 mpaka miaka 5. Ukionyesha kijani, yaani kuanzia sentimita 12.5, mtoto yuko vizuri. Njano ni alama ya hatari inayokaribia. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni mtoto wa kupelekwa kituo cha afya siku ile ile.

Kati ya watoto wetu, mmoja alionyesha nyekundu. Alikuwa na miaka miwili na zaidi kidogo, na mdogo wake alikuwa amezaliwa miezi mitatu kabla. Mama RECO aliminya miguu yake yote miwili kwa kidole gumba, akahesabu taratibu, akatoa kidole. Alama ya kidole ikabaki pale kama shimo kwenye unga uliokandwa. Mama yake mtoto ni yule aliyeshika kambale mkubwa.

Hatukusema neno. Mwalimu alikumbuka kalamu nyekundu aliyoandikia kwenye daftari, na aliona haya kuliko mama yule.

Jina ambalo wamama walilijua kwanza

Ugonjwa ule wengi wetu tunauita bwaki. Madaktari wanauita kwashiorkor. Ni vizuri mjue jina hilo lilitoka wapi. Daktari mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo tunaiita Ghana. Aliona watoto wenye miguu iliyovimba, ngozi inayotoka na nywele zilizobadilika rangi. Mwaka 1935 aliandika jina kwashiorkor katika gazeti la madaktari huko Uingereza. Jina lenyewe hakulitunga. Alilichukua kwa wamama wa lugha ya Ga, na maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Wamama walikuwa wameona mapema jambo lenyewe: mtoto anaachishwa ziwa, anapewa chakula cha kushibisha tumbo tu, na anaanza kuisha huku tumbo limejaa.

Bugali wa muhogo unashibisha, lakini hauna protini ya kutosha kumjenga mtoto. Sombe inasaidia, lakini mtoto mdogo hawezi kula sombe nyingi kiasi cha kutosha. Anahitaji kidogo cha samaki, yai, maharage, karanga au maziwa, na anahitaji mara kwa mara. Na tuseme wazi: kuzaliwa kwa mdogo wake si kosa la mtu, na mama anayeuza samaki si mama mbaya. Mama yule alikuwa na deni la dawa. Alifanya hesabu ambayo sisi wote tulimfundisha, kwamba siku njema ni ile inayojaza mzani.

Mtoto alipelekwa kituo cha afya, akatibiwa, akapewa ile siagi ya karanga ya matibabu kwa majuma mengi. Aliponyeka. Yuko nasi, na mwaka huu anasumbua kuku wa jirani. Lakini tulikuwa tumeona jinsi kitu kinavyoweza kupita mkononi mwa mama, kikaenda mbali, na mtoto wake akabaki bila.

Mkutano

Siku ya yenga baada ya ibada tulikutana. Msifikiri tulikubaliana haraka. Mama mmoja alisema: "Samaki mmoja mkubwa nikimuuza, nanunua maharage ya siku nne. Nikimpika, anaisha usiku mmoja na bwana anakula kichwa na kifua." Tulicheka, lakini alikuwa na haki. Mwingine alisema kwamba pesa ya samaki ndiyo inamsomesha binti yake sekondari, na hatutamwambia aache.

Mama prezidanti wetu aliuliza swali moja: muuzaji analipa vizuri samaki gani? Tukajibu: kambale wakubwa. Na vile vidogo, kaa na kamba? Anavichukua kama nyongeza, kwa bei ya bure.

Hapo ndipo tulipoona njia. Vile vidogo ambavyo mzani unavidharau ndivyo vinavyomfaa mtoto zaidi. Samaki mdogo aliyekaushwa na kusagwa analiwa pamoja na mifupa yake, na mifupa ile inasaidia mifupa ya mtoto. Tukaweka sheria: kabla mzani haujafunguliwa, chungu cha watoto kitoke kwanza. Kila mama achukue kikombe kimoja cha vidogo kwa kila mtoto mwenye chini ya miaka mitano, na mwenye mimba achukue kimoja chake mwenyewe. Mama wa kikundi ambaye ni mgonjwa au amejifungua, sehemu yake inapelekwa nyumbani ingawa hakuingia majini. Kinachobaki, mwenye kuuza auze, mwenye kupika apike.

Siku nyingine, kitunga chepesi

Sasa tuwaeleze siku moja ya likizo iliyopita, ili muone sheria ile inavyotembea.

Ilikuwa siku ya posho. Kabla ya kuondoka tuliuliza habari za njia. Hilo ni jambo la kwanza. Kama kuna neno baya upande wa msitu, hatuendi, hata kama kijito kimejaa samaki. Hatuendi wawili wala watatu, tunakwenda kundi, na tunaondoka jua likiwa limetoka. Mwalimu anaita majina kama darasani, kila mtu anaitika. Asubuhi ile tulikuwa 11.

Njiani mwalimu alitusimulia jambo alilolisoma. Kuna nchi ambako watu wanavua kwa ajili ya furaha tu. Hata hapa Afrika ya Mashariki, katika ziwa Naivasha la Kenya, samaki anayeitwa bass aliletwa kutoka Marekani miaka ya 1920 ili wavuvi wa namna hiyo wapate mchezo wao. Mtu anashika samaki, anampima, anapiga picha naye, halafu anamrudisha majini na kwenda nyumbani akisema siku yake ilikuwa nzuri. Wamama walisimama njiani wakicheka. "Anamrudisha? Na watoto wake wanakula picha?" Koko peke yake hakucheka sana. Alisema: "Na sisi vile vidogo sana tunavirudisha. Tofauti ni kwamba huyo anamaliza siku yake pale majini. Ya kwetu inamalizika jikoni."

Tulifika, tukafunga maji, tukaanza kuyatoa. Kijito kilikuwa na tope kidogo kuliko mwaka uliotangulia, na tulishukuru, kwa sababu mahali machimbo yanapofungua ardhi, maji yanashuka mekundu na samaki wanapungua. Kazi ilikwenda vizuri mpaka saa sita. Halafu upande wa juu, mahali ambapo sisi hatukuona hata wingu, mvua ilinyesha. Koko alikuwa wa kwanza kusikia. Alisema tutoke, na tulitoka bila kubishana. Muda mfupi baadaye ukuta wa juu ulivunjika na maji yakapita na majani, miti na sehemu kubwa ya samaki wetu. Sufuria moja ilikwenda nayo.

Tulikaa ukingoni tumelowa. Tulihesabu watu kwanza: 11. Halafu tukaangalia beseni. Lilikuwa halijafika nusu: kambale watatu wa wastani, na vidogo, kaa na kamba. Zamani tungeliita bure.

Tuligawa pale pale. Vikombe vya watoto vilitoka, na kikombe cha mama aliyekuwa amejifungua juma lile. Kambale wawili wakawekwa kwa muuzaji, ili pesa inunue sufuria iliyopotea, kwa sababu kazi ya wote haiwezi kumwachia mmoja hasara. Wa tatu alipewa koko, na hakuna aliyeuliza sababu. Kwenye kizuizi cha njiani walitaka samaki pia, kama kawaida. Walipoona beseni, walituacha tupite. Kitunga chepesi kina faida yake.

Karibu na nyumba mtu alituuliza: "Mumepata ngapi?" Mama mdogo, yule wa kambale mrefu, ndiye aliyejibu. Alisema: "Tumepata wa kutosha watoto." Yule mtu hakuelewa, akatupa pole.

Kwenye daftari mwalimu aliandika: watu 11 wamekwenda, 11 wamerudi. Kikombe cha watoto kimefika kwa kila nyumba. Siku njema. Safari hii hakutumia kalamu nyekundu.

Jikoni

Wamama wa vikundi vingine wametuuliza jinsi tunavyotayarisha. Tunaosha samaki wadogo, tunatoa matumbo, tunawakausha kwa moshi mpaka wanavunjika kwa mkono. Miba migumu tunaitoa. Tunatwanga kwenye kinu na kuchekecha, mpaka unakuwa unga laini usio na kitu cha kumchoma mtoto kooni. Unga huo unakaa kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Mtoto aliyepita miezi 6 anatiwa kijiko kimoja kwenye uji, au kwenye sombe iliyotwangwa vizuri yenye mafuta kidogo ya mawese. Mtoto wa chini ya miezi 6 anabaki na ziwa la mama tu.

Dada zetu wa Masisi wasiseme kwamba habari hii ni ya Walikale peke yake. Ninyi mna sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu ambao wengine wanawaita fretin, na wanapatikana Sake. Asili yao ni Tanganyika, waliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanakaushwa na kusagwa vile vile. Na kwa maharage, mayai na maziwa, swali ni lile lile. Kabla gunia halijafungwa kupelekwa Goma, kabla maziwa hayajakwenda kuwa jibini, je, kikombe cha mtoto kimetoka?

Na tusidanganyane. Kijiko cha unga wa samaki hakiponyeshi mtoto mwenye bwaki. Miguu yote miwili ikivimba na kidole kikiacha shimo, usingoje mkanda, usingoje siku ya soko, mpeleke kituo cha afya. Kijiko kinafanya kazi kabla ya hapo. Mwalimu anasema anaiona darasani pia. Mtoto aliyekula vizuri jana anainua mkono leo, na aliyeshinda na bugali mtupu analala juu ya meza kabla ya saa tano.

Leo, tunapofungua daftari baada ya siku ya mtoni, tunajibu maswali matatu kabla ya kilo. Wote wamerudi? Chungu cha watoto kimetoka? Kijito kimebaki na maji yake na vidogo vyake kwa mwaka kesho? Kilo zinakuja mstari wa nne. Tunaziandika bado, kwa sababu sabuni na chumvi hazipatikani kwa maneno, na siku ya mabeseni mawili ikirudi tutapiga vigelegele tena.

Kikundi chochote kinachotaka kuja kuona, kije Juni, mvua ikipungua. Kila mtu aje na beseni lake. Sufuria yetu mpya hatuiazimishi.